Kupima Baridi kwa Kibaba: Mwongozo wa Anayetaka Kulikimbia Joto la Dar

Usiamue chochote ukiwa umesimama ndani ya daladala mwezi wa pili, saa tisa alasiri, foleni ya Ubungo haisogei, shati limenata mgongoni na konda bado anaita abiria. Saa hiyo kila mkazi wa Dar es Salaam ni Msambaa mtarajiwa. Ukipewa karatasi utie sahihi, utauza kiwanja cha Chanika, utaandika barua ya uhamisho na kumwambia mama watoto afunge mizigo, mnahamia milimani. Shuka kwanza. Oga, kunywa maji, lala. Asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, tafuta daftari na kalamu. Kupima hali ya hewa dhidi ya gharama za maisha ni hesabu, na hesabu haitulii kichwani mwa mtu anayevuja jasho.

Nimewaona wengi wakiipiga hesabu hii, hasa wanaokaribia miaka 60, mafao yako njiani na watoto wameshaanza kujitegemea. Karibu wote hukosea mahali pamoja. Upande wa kushoto wa karatasi wanaandika kodi, chakula, nauli, umeme na ada, kila kimoja na shilingi zake. Upande wa kulia wanaandika maneno mawili tu: hewa nzuri. Hayana bei. Basi kazi yetu ni kuyapa bei, senti kwa senti, kama mama wa sokoni anavyopima mchele kwa kibaba.

Kwanza mjue unayemkimbia. Joto la Dar halitishi kwa nyuzi zake. Mchana wa Februari kipimo kinasoma 32 hivi, na Dodoma mwezi wa kumi na moja kinasoma karibu hivyo hivyo, lakini ukiingia chini ya mkwaju wa Dodoma unapoa, na ukiingia chini ya mwembe wa Temeke unaendelea kulowa. Tofauti ni unyevu. Jasho ndilo feni ya mwili: linapokauka ndipo ngozi inapopoa. Hewa ya pwani imeshashiba maji ya bahari, haina nafasi ya kupokea jasho lako, kwa hiyo linabaki hapo hapo ulipolitoa. Halafu usiku nao haukupi mapumziko. Mwezi wa pili Dar usiku haushuki sana chini ya nyuzi 25, na mtoto mchanga analia mpaka alfajiri si kwa njaa. Mateso hayo ni ya kweli, na mtu asikwambie umedeka.

Ukishaandika hayo, andika pia jambo ambalo mtu wa Dar huwa analisahau mwezi wa pili: kuna mwezi wa saba. Kipupwe kinapoingia, upepo wa kusi unavuma, watu wanalala na shuka hadi shingoni na feni inageuka pambo. Mwaka una miezi kumi na miwili. Anayehama kwa sababu ya miezi minne ajue anaiacha na mingine minane.

Sasa panda mlima, lakini panda kwa rula. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, Iringa inazidi 1,500, Mbeya iko kwenye 1,700, Njombe mjini inakaribia 2,000. Hakuna siri nyingine katika hewa nzuri ya nchi hii zaidi ya hiyo rula. Wajerumani waliijua mapema. Walipochoka na pwani waliijenga Lushoto, wakaiita Wilhelmstal kwa jina la Kaiza wao, wakapata baridi waliyoizoea kwao, na hawakuwa wakijichemshia maji ya kuoga wenyewe. Jambo hilo la maji ya kuoga liweke akilini, tutalirudia.

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo tuketi kidogo.

Watu husema ukihamia kwenye baridi unaokoa umeme. Tuone. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani uniti moja ya LUKU, pamoja na kodi na tozo zake, imekuwa ni kama shilingi 356. Feni ya juu inakula wati 60 hivi. Iache ikizunguka saa kumi usiku, imetumia uniti 0.6, yaani shilingi 214. Nyumba yenye vyumba vitatu vya kulala, feni tatu, siku thelathini: shilingi 19,000 na kidogo. Hiyo ndiyo bei ya kulivumilia joto la Dar kwa mtu asiye na kiyoyozi.

Panda na hesabu hiyo Njombe. Feni umeiuza, vizuri. Lakini Dar hujawahi kununua maji ya moto. Tangi la plastiki juu ya paa limekuwa likikuchemshia bure miaka yote, hata mchana unafungua bomba na kuliacha litiririke kwanza ndipo upate ya baridi. Njombe tangi hilo hilo linakupa maji ya nyuzi 15, na Julai alfajiri yako chini ya hapo. Kuipandisha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 15 hadi 40, ambazo mwili unazipokea bila kulalamika, kunahitaji karibu uniti 0.6. Yaani ndoo moja ya maji ya kuoga ni sawa na feni moja usiku kucha. Familia ya watu sita, kila mmoja na ndoo yake kwa siku, inafika shilingi 37,000 kwa mwezi. Baridi imeshaishinda feni kwa karibu shilingi 18,000, na bado hujanunua sweta.

Mwenye kiyoyozi ana hesabu yake. Kile kidogo cha chumbani, kikifanya kazi usiku kucha kwa kupumzika na kuwaka, kinaweza kumeza uniti 5, sawa na shilingi 1,780 kwa usiku, 53,000 na ushee kwa mwezi, na hicho ni chumba kimoja. Huyo akihama anaokoa kweli. Kwa hiyo, kabla hujamsikiliza mtu anayekusifia milima kwamba ni nafuu, muulize kwa heshima alikuwa analala na nini alipokuwa Dar. Baridi humpunguzia bili mwenye kiyoyozi, wa feni humwongezea.

Utasema utachemsha kwa mkaa au kuni. Wengi wanafanya hivyo, na ni nafuu kwa shilingi. Ila andika na sufuria la maharage. Maji hayachemki kwenye nyuzi 100 kila mahali. Njombe, kwenye mita karibu 2,000, yanachemka yakiwa nyuzi 93 hivi, kwa sababu hewa ya juu haiyakandamizi kama ya pwani. Maharage yanayoiva Kigogo kwa saa mbili, kule yanatokota yakikutazama. Mgeni anadhani ameuziwa maharage ya zamani na anamlaumu muuzaji. Si kosa la muuzaji, ni kosa la rula. Loweka usiku kucha, au nunua sufuria la presha, na katika daftari ongeza debe la mkaa.

Tena, na hapa sitanii hata neno moja: jiko la mkaa lisilale ndani na watu. Mgeni kutoka pwani ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu hajakua na baridi. Usiku wa tatu anaona meno yanagongana, anaingiza jiko chumbani, anafunga madirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu usingizi asioamka. Blanketi zito ni ghali, linunue. Nunua mawili. Dirisha lililotengenezewa wavu wa mbu tu, kwa mtindo wa Dar, litie kioo. Piga dari, maana bati tupu linaupitisha ubaridi kama karatasi.

Nguo. Dar unafua saa nne, saa nane unapiga pasi. Ukungu wa nyanda za juu hauna haraka hiyo; sare ya shule inaweza kukaa kambani siku mbili ikiwa bado inanuka umande. Mtoto aliyekuwa na sare mbili atahitaji tatu, na sweta mbili, na viatu visivyo na tundu, kwa sababu Juni na Julai kule Makete na sehemu za juu za Njombe umande huganda ukawa mweupe juu ya majani, na mtoto huyapita akienda shule.

Sokoni utafurahi, sema ukweli. Viazi mviringo ambavyo Dar unanunua kwa kisado, kule unaviona vimejazwa lumbesa mpaka gunia limeota kichwa. Parachichi, kabichi, maziwa, njegere, vyote viko karibu na shamba na bei yake inajua hivyo. Weka tiki kubwa hapo. Kisha tafuta nazi. Mnazi haupandi milima, kila nazi unayoiona Njombe imesafiri na imelipiwa nauli. Samaki mbichi naye hivyo hivyo. Ukiwa mtu wa wali wa nazi na changu wa kupaka, una mawili: kubadili mdomo au kubadili bajeti. Mdomo wa mtu wa miaka 60 ni mgumu kuubadili kuliko bajeti, mimi nashauri uweke fedha ya nazi kwenye daftari na usione haya.

Malaria, kwa upande mwingine, huko juu ni haba kuliko pwani. Hili lina thamani kubwa na watu hulisahau kwa sababu halina risiti. Hesabu mara ngapi mwaka jana mlikaa zahanati kupima damu, siku ngapi za kazi zilipotea, dawa zilikula kiasi gani. Andika. Kisha hesabu na upande wa pili: mwenye pumu, mwenye nimonia za mara kwa mara, bibi mwenye magoti. Magoti ya bibi yasipoulizwa kabla ya kuhama, yatajieleza yenyewe Juni.

Miji mingine nitaipitia haraka. Arusha hewa yake haina mpinzani, lakini jiji linaloishi kwa utalii bei zake zimezoea mifuko ya wageni, na maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi inayoyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Ukiwa na mtoto mdogo, weka bei ya maji ya kunywa ya kununua, kila siku, miaka yote anapoota meno. Dodoma ina joto kavu linalovumilika na usiku mzuri, lakini mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na miezi inayobaki ni vumbi na kuangalia kama maji yatatoka. Watumishi waliohamia huko kuanzia 2016, serikali ilipoamua kuutekeleza kweli ule uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu huko, hawakupewa daftari la kuchagua, na wamejifunza wenyewe kununua tangi kabla ya kununua kochi. Morogoro si baridi, lakini Uluguru inaipa usiku wenye huruma, na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, kwa nauli ya kawaida ya shilingi 13,000 unafika Dar kwa chini ya saa mbili. Kwa mtu ambaye biashara yake bado iko Kariakoo, huo ndio mji wa kuuanzia kabla ya kuruka hadi Njombe.

Nyumba nenda kaione katika mwezi wake mbaya. Ushauri huu pekee ungewaokoa watu wengi machozi. Dalali hana haja ya kukudanganya, kalenda inamsaidia. Nyumba ya bondeni Dar inaonyeshwa mwezi wa nane, ukavu mtupu, upepo unapita sebuleni. Wewe nenda Aprili, masika yakiwa yamekolea, uone kama njia ya kufika bado ipo. Ukishindwa kwenda Aprili, kaangalie ukuta wa nje kwa chini: mstari wa matope ulioachwa na mafuriko hupakwa rangi, lakini rangi mpya iliyoishia usawa wa goti huwa inasema mengi. Lushoto nenda Mei, upande kutoka Mombo kilomita thelathini na kitu za kona huku mlima ukitiririka. Dodoma nenda Oktoba. Njombe nenda Julai, na ulale humo, siyo kwenye gesti yenye maji ya moto. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali atachukua ya mwezi mmoja juu yake. Fedha nyingi hivyo zisitoke mfukoni kwa sababu ya alasiri moja nzuri.

Kuna bili nyingine ambayo haiji kwenye karatasi: misiba. Ndugu zako wako Mbagala, Kigamboni na Tanga. Watafiwa, wataoa, watapata watoto, na wewe uko kilomita mia saba. Basi linaondoka alfajiri na kufika jioni, na kwenye mazishi hutaki kufika jioni. Hesabu mwaka jana ulihudhuria misiba mingapi na harusi ngapi. Zidisha kwa nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Wengine huitazama jumla hiyo na kusema hawatakwenda yote. Usiseme hivyo mapema. Ni bora uandike nauli kuliko kuandika kwamba utaacha kuwazika watu wako.

Nimelichelewesha lile la maji ya kuoga kwa makusudi.

Julai moja nilikaa Njombe nyumbani kwa mama yangu mdogo. Saa moja asubuhi nilikuwa nakuta ndoo ya maji ya moto mlangoni, mvuke unapanda, nikioga na kutoka kukaa barazani na kikombe cha chai, blanketi mabegani, ukungu unajivuta juu ya miwati. Siku moja nikasema kwa sauti kwamba huku ndiko kwenye hewa ya kuishi mtu. Dada anayesaidia kazi pale nyumbani alikuwa anapita na kuni. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwenye maungio, amevipaka mafuta ya mgando.

"Shikamoo kaka," akasema.

"Marahaba. Hamjambo huku?"

"Hatujambo. Kaka, eti ni kweli kwenu Dar maji ya bombani yanatoka ya moto yenyewe?"

Nikamwambia ni kweli, mchana.

Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa habari ya nchi ya mbali yenye mito ya asali. "Basi huko ndiko kwenye hewa nzuri," akasema, akaenda zake jikoni. Alikuwa ameamka saa kumi na moja.

Tangu siku ile sikubali mtu aniambie mahali fulani pana hewa nzuri bila kuniambia ni nzuri kwa nani. Hali ya hewa inagawanywa ndani ya nyumba kama nyama ya sikukuu: kuna anayepata mnofu na kuna anayepata mfupa. Joto la Dar linamkuta mzee sebuleni chini ya feni, na linamkuta mama jikoni juu ya mkaa, jua juu na moto chini. Baridi ya Njombe inamkuta mstaafu barazani, na inamkuta anayepasua kuni, anayefua kwa maji yanayouma, anayemwogesha mtoto, na huyo mtoto mwenyewe njiani. Wote wamehamia mji mmoja, lakini hawakuhamia hewa moja. Na mara nyingi mwenye kupiga hesabu ya kuhama ni yule mwenye mnofu.

Kwa hiyo kwenye daftari, mbele ya kila faida ya hewa, andika jina. Usingizi mzuri: nani? Kutotoa jasho: nani? Maji ya moto: nani anaoga, na nani anachemsha? Kuni: nani anabeba? Ukikuta majina ya upande wa faida ni yako matupu, na majina ya upande wa kazi ni ya mkeo, mama yako au binti wa watu uliyemchukua kijijini kwao, bado hujajua bei. Weka fedha ya hita salama iliyofungwa na fundi, weka mshahara wenye heshima, weka glavu za mpira za kufulia na mafuta ya mikono, weka sweta la ziada. Au uamke wewe. Jumlisha upya. Kuna wanaojumlisha upya na bado wanahama, na wanaishi vizuri kweli, kwa sababu walilipa mapema kile ambacho wengine huwalipisha wanyonge wa nyumba kidogo kidogo.

Kabla hujalipa kodi, fanya jaribio moja. Nenda na familia nzima, Julai, siku nne, kwenye nyumba ya kawaida. Usiku wa kwanza lala. Asubuhi zile tatu zinazofuata, wewe unayetaka kuhama ndiye uamke saa kumi na moja. Washa jiko nje. Teka maji, chemsha ndoo, ipeleke mlangoni kwa wa kwanza, rudi uchemshe ya pili, ya tatu, mpaka wote waoge. Wewe oga mwisho, kwa maji yatakayokuwa yamebaki. Fua sare moja uianike. Asubuhi ya kwanza itakuwa kama mchezo, watoto watakucheka. Ya pili vidole vitaanza kukuuma. Ya tatu, ukishamaliza, kaa barazani na chai yako, utazame ukungu, kisha umpe daftari mkeo akujazie safu ile ya kulia.